Punguza presha: baa 15 za kwenye boksi si za kikombe chako

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu, na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kompyuta nikaanza kufuga kuku. La. Kwa muda huo wote mashine yangu ya espreso ilikuwa imefunguliwa juu ya meza ya jikoni, skrubu zake zikiwa ndani ya kisosi, na mama watoto akiuliza kila asubuhi meza itarudishwa lini. Leo mashine imefungwa, meza imerudi, na mimi nina neno la kusema.

Neno lenyewe ni hili. Ukiwa na mashine ya espreso nyumbani, kuna uwezekano mkubwa kwamba presha yake iko juu kupita inavyofaa. Iteremshe. Lakini pima kwanza. Na wewe unayetaka kununua, usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi.

(Presha ninayosema ni ya maji ndani ya mashine, si ile ya daktari. Ingawa kusema kweli ya kwanza ilikaribia kuniletea ya pili.)

Kilichonifanya nishike bisibisi si kupenda mchezo. Ni mzee wangu. Mwezi wa Desemba alikuja Nairobi kliniki akakaa kwangu siku nne. Mzee ni mkulima wa kahawa. Amepalilia, amepogoa na amepeleka cheri kwenye kiwanda cha ushirika tangu mimi sijazaliwa, na kama wakulima wengi wa kwetu, yeye mwenyewe ni mtu wa chai ya maziwa. Kwa hiyo asubuhi ya pili nikamtengenezea espreso, kahawa iliyotoka kaunti yake, aina ileile ya SL28 aliyo nayo shambani. Nikasimama pale kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule.

Mzee akaonja. Akakunja uso. "Ni chungu kama mwarobaini," akasema, "halafu ina ukali wa ndimu." Akaweka kikombe chini, akatazama dirishani, kisha: "Basi sasa naelewa kwa nini wanatulipa pesa kidogo. Kumbe ndivyo ilivyo."

Hapo nikaumia. Wenzangu mnaoandika programu mnajua ile hali ambapo programu yako inatoa jibu baya na mtu anailaumu data. Data ya mzee haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwangu, ndani ya mashine yangu, nami sikujua liko wapi. Na mzee alikuwa tayari anapiga hesabu ya kung'oa sehemu ya ile mibuni apande avokado. Sikutaka kikombe changu kibaya kiwe shahidi katika kesi hiyo.

Tuanze na ile namba. Nenda duka lolote la vyombo vya umeme, tazama maboksi ya mashine za espreso. Moja litasema baa 15. Jirani yake litasema baa 19, au 20. Mnunuzi anafanya hesabu ya kawaida: 20 ni kubwa kuliko 15, basi ni bora. Nami nilifanya hivyo hivyo, ndiyo maana nina haki ya kulalamika.

Baa ni kipimo cha presha. Baa 1 inakaribiana na presha ya hewa kwenye usawa wa bahari. Tairi la gari dogo hujazwa kama baa 2 na kidogo. Sasa, espreso inahitaji ngapi? Waitaliano, wenye kinywaji chao, wana taasisi yao ya kitaifa ya espreso iliyoanzishwa mwaka 1998, na vipimo vyake ni hivi: gramu 7 za kahawa, maji ya joto la nyuzi 88, sekunde 25, na presha ya baa 9, ukiongeza au kupunguza 1. Tisa. Si kumi na tano.

Hiyo tisa haikuletwa na ndoto. Mashine za mwanzo, kama ile aliyosajili Luigi Bezzera kule Milan mwaka 1901, zilisukuma maji kwa nguvu ya mvuke, na mvuke huo ulifika baa 1 na nusu hivi. Achille Gaggia, naye wa Milan, ndiye aliyeachana na mvuke. Alisajili uvumbuzi wake wa kwanza mwaka 1938, na baada ya vita vikuu vya pili akatoa mashine ya mkono wa kuvuta wenye springi: mhudumu anavuta mkono chini, springi inakazwa, kisha inarudi taratibu ikisukuma maji. Springi zile zilitoa baa 8 hadi 10, na ndipo watu walipoona kwa mara ya kwanza lile povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe, krema. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61 iliyotumia pampu ya umeme badala ya misuli ya mhudumu, na pampu ikawekwa kwenye baa 9. Tangu hapo mikahawa mingi ya dunia imekaa hapo.

Basi hiyo 15 imetoka wapi? Imetoka kwenye pampu. Mashine nyingi za nyumbani zina pampu ndogo ya mtetemo: pistoni ndani ya koili, ambayo kwa umeme wetu wa Kenya inarushwa mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Ndiyo ile kelele kama ya kinyozi. Pampu hii ina tabia moja: kadiri presha inavyopanda, ndivyo maji yanavyopungua. Ile baa 15 ni mwisho wa uwezo wake, mahali ambapo inasukuma na maji hayaendi popote. Kwa maneno mengine, boksi linajivunia hali ambayo hakuna kahawa inayotoka!

Fikiria matatu. Geji yake ya mwendo imeandikwa hadi 180. Je, utapanda kwa sababu ya hiyo 180? Wenye kumbukumbu mtakumbuka sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, kila matatu ikatakiwa kufungwa kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Injini ni ileile, uwezo ni uleule, lakini kuna kitu katikati kinachosema: basi, hapa panatosha.

Mashine ya espreso nayo ina kidhibiti mwendo chake. Ni valvu ndogo baada ya pampu, yenye springi ndani. Presha ikizidi nguvu ya springi, valvu inafunguka na maji ya ziada yanarudi kwenye tangi kwa mrija. Springi ikikazwa, presha inapanda. Ikilegezwa, inashuka. Hakuna uchawi mwingine. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za nyumbani zinatoka kiwandani valvu hiyo ikiwa imekazwa juu ya 9, kwa sababu mtengenezaji hajui wewe utatia nini. Wengi watatia kahawa iliyosagwa zamani, au zile pakiti za duara, na watatumia vichujio vya kuta mbili vyenye tundu moja dogo la kutengeneza povu. Kwa mtumiaji huyo presha kubwa haina madhara sana. Kwa anayesaga kahawa yake mwenyewe na kutumia kichujio cha kawaida, ina madhara.

Madhara gani? Maji yenye presha kubwa mno hayapiti sawasawa kwenye unga wa kahawa. Yanatafuta ufa, yanautanua, na karibu yote yanapita hapo. Penye ufa, kahawa inakamuliwa kupita kiasi, uchungu unatoka. Pengine pote, maji hayakufika vizuri, ukali wa ndimu unabaki. Mwarobaini na ndimu ndani ya kikombe kimoja. Mzee alikuwa ametoa ripoti sahihi kabisa ya hitilafu, mimi tu ndiye sikujua kuisoma.

Sasa niwaambie upumbavu wangu, mjifunze bure. Mzee alipoondoka nikabadilisha kila kitu kwa pamoja. Nikasaga laini zaidi, nikaongeza gramu, nikabadilisha kahawa, nikakandamiza kwa nguvu zaidi. Kikombe kimoja kikatoka kizuri, kinachofuata kibaya, na sikujua sababu ya lolote kati ya hayo mawili. Mtu anayelipwa kutafuta makosa kwenye programu, na kazini ningemkemea kijana yeyote anayebadilisha faili tano kwa mara moja kisha anauliza ni ipi iliyorekebisha! Nyumbani nikawa huyo kijana.

Ndipo nikaamua kupima. Nilinunua geji ya presha ya kusoma hadi baa 16, ile iliyojazwa glisirini ili mshale usitetemeke, kwenye duka moja la vipuri Kirinyaga Road. Fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries akanichongea kiungio cha kuifunga kwenye mkono wa mashine, mahali panapotoka kahawa. Alichukua nusu saa na akanidai pesa ambazo naona aibu kuzitaja, maana ni kidogo. Aliuliza ni ya kazi gani. Nilipomwambia ni ya kahawa alicheka mpaka akazima mashine yake.

Nikawasha. Geji ikapanda: 9, 11, 13, ikatulia kwenye 13 na nusu. Hapo nilikuwa na namba yangu ya kwanza ya kweli baada ya wiki mbili za kubahatisha.

Mnaotaka kufanya hivyo, hizi ndizo hatua nilizofuata:

1. Chomoa mashine ukutani na uiache ipoe kabisa. Si kuzima swichi. Kuchomoa. Ndani mna volti 240 na maji, hao si marafiki.

2. Tambua valvu iliyo sahihi. Valvu ya kudhibiti presha ya pampu ina mrija unaorudi kwenye tangi. Mashine zenye boila la mvuke zina pia valvu ya usalama ya boila. Hiyo USIIGUSE. Kazi yake ni kuzuia boila lisipasuke.

3. Kama valvu ina skrubu ya kurekebisha, geuza kidogo tu, robo mzunguko, kisha pima tena. Mashine nyingine hazina skrubu, unabadilisha springi. Nyingine hazirekebishiki kabisa, na kama yako ni ya aina hiyo, iache.

4. Kumbuka kwamba geji imeziba njia, maji hayatiririki. Kahawa ikiwa inatoka, presha huwa chini kidogo ya ile unayosoma. Mimi niliweka 10 kwenye geji, ili nipate takriban 9 kahawa inapotiririka.

5. Andika kila kitu. Kabla na baada. Daftari la shilingi hamsini latosha.

Matokeo? Kwa baa 13 na nusu, ilinibidi kusaga laini mno ili gramu 16 za kahawa zitoe gramu 32 kwa sekunde 28. Kwa baa 9, nilisaga hatua mbili nene zaidi nikapata kiasi kilekile kwa muda uleule. Unga mnene zaidi haupasuki ovyo. Vikombe sita mfululizo vilifanana. Kabla ya hapo sikuwahi kupata viwili vinavyofanana, hata siku moja.

Na hapa kuna faida ambayo sikuitarajia, na kwa sisi wa huku naiona ni kubwa kuliko zote. Umeme wetu hautulii. Jioni majirani wakiwasha hita za maji, volti zinashuka, na pampu ya mtetemo inalegea pamoja nazo. Valvu ikiwa imekazwa karibu na mwisho wa uwezo wa pampu, presha yako ni ile umeme utakayoamua siku hiyo. Ukiiteremsha hadi 9, pampu inabaki na akiba. Umeme ukipungua kidogo, maji yanayorudi kwenye tangi ndiyo yanayopungua, lakini kikombe hakijui. Watu wa seva tunaijua kanuni hii: usiendeshe mtambo kwenye kilele cha uwezo wake halafu ushangae unayumba.

Najua mtakayosema, maana ofisini nimeshayasikia.

Kuna anayesema: "Ukifungua mashine unapoteza dhamana." Ni kweli, mara nyingi. Kama dhamana yako bado ni hai, soma masharti yake kwanza. Lakini yangu niliinunua mtumba, dhamana yake ilikufa nje ya nchi. Na hata hivyo sikubali kwamba kitu nilichokinunua kwa jasho langu kina chumba nisichoruhusiwa kuingia. Mipangilio ya kiwandani ni uamuzi wa mtu fulani ambaye hajaonja kahawa yako wala hajui umeme wa mtaa wako. Aliamua vizuri kwa alichokijua. Wewe unajua zaidi.

Mwingine anasema: "Presha siyo ubora, bibi yangu hakuwa na pampu." Huyu namuunga mkono kabisa! Nenda Mombasa jioni, keti kibarazani, unywe kahawa chungu iliyochemshwa kwenye dele juu ya makaa, na tangawizi, na kipande cha halua pembeni. Presha yake ni sufuri na hakuna anayelalamika. Ndiyo maana nasema tuache kuabudu namba. Kama sufuri inaweza kutoa kahawa nzuri, basi 20 haiwezi kuwa nzuri kwa sababu tu ni 20.

Wa tatu anasema: "Kwa hiyo nikiteremsha presha kahawa yangu itakuwa nzuri?" Hapana, ndugu yangu. Kama kahawa yako imekaa kabatini tangu Krismasi, au mashine yako ya kusaga inatoa mchanga na mawe pamoja, baa 9 hazitakuokoa. Mpangilio wangu ni huu: kwanza kahawa mbichi ya hivi karibuni kukaangwa, pili kusaga, tatu mizani, na presha iwe ya nne. Mimi nilichelewa kuifikia, lakini pia nilikuwa nayo juu kwa baa nne na nusu. Usifungue mashine kabla hujajua kuna cha kurekebisha. Ndiyo sababu ya geji.

Mzee alirudi kliniki mwezi uliopita. Sikumwambia chochote. Asubuhi nikasaga, nikapima, nikamwekea kikombe. Akakitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena.

"Hii si ile ya Desemba," akasema.

Nikamwambia ni kutoka kulekule, aina ileile. Nilichobadilisha ni nguvu ya maji tu. Nikamweleza habari ya nyufa. Alinisikiliza kidogo akanikata: "Sasa hilo mpaka usome chuo kikuu? Mvua ya ghafla haiingii ardhini. Inachimba makorongo na kuondoka na udongo. Inayolowesha shamba ni ile ya polepole." Miaka hamsini ya kuchimba matuta mlimani, na mimi nilihitaji geji na fundi wa Kariobangi.

Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau. Alisema ladha ile inamkumbusha utoto, walipokuwa wakichuma kahawa na kufyonza utamu wa cheri iliyoiva kabla ya kuitia kikapuni, wakijificha wasionwe na mnyapara. Alikuwa hajawahi kudhani kwamba utamu ule unavuka na kufika upande wa pili, kwenye kikombe.

Msidhani amebadili nia kuhusu avokado. Hajabadili. Bei ya cheri haipangwi jikoni kwangu, na kikombe kizuri hakilipi mbolea. Lakini aliondoka akijua kwamba alichokuwa akipeleka kiwandani miaka yote hii ni kitu kizuri. Akiing'oa mibuni yake, ataing'oa kwa hesabu ya pesa, si kwa sababu mashine ya mwanawe ilimsingizia.

Halafu akaomba chai ya maziwa.

Haya, ni hayo kwa leo. Kama una mashine nyumbani na umewahi kuipima, niambie geji yako ilisoma ngapi kabla hujaigusa. Na kama hujaipima, usiniambie ni 15 kwa sababu boksi limesema.